Picha za Nyasi

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, Beatrice, mkulima wa bondeni, aliingia katika kituo cha utafiti na ndoo ya maji kichwani. Hakusimama getini wala ofisini. Alinyoosha hadi kibanda cha jenereta, akaitua ile ndoo miguuni mwa Mogesi.

"Baba Gloria," alisema, "angalia mwenyewe."

Jenereta ilikuwa inanguruma, hivyo alilazimika kupaza sauti. Mogesi aliinama. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wenye rangi za zambarau na kijani, unazunguka taratibu. Hakuhitaji kunusa. Alikuwa fundi wa mashine tangu ujana wake, na oili ndani ya maji si kitu cha kuuliza.

"Umeyachota wapi?"

"Pale pale ninapochota siku zote, kwenye kijito. Ndama wangu wawili wamegoma kunywa tangu juzi. Na sukuma wiki nilikuwa nimeshamwagilia kabla sijaona. Sasa niambie wewe, nile au nisile?"

Mogesi alijifuta mikono kwa kitambaa. Alisema atakwenda kumweleza daktari, mkuu wa kituo.

"Mweleze," alisema Beatrice. "Ila nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye ninayekujua. Hao wengine nawaona tu wakipita na gari."

Akaondoka. Ndoo akaiacha pale pale.

Kituo chenyewe kilikuwa kwenye mwinuko ng'ambo ya Morotonga, mahali mashamba yanapokoma na pori linalopakana na hifadhi linapoanza. Kazi yake ilikuwa kuhesabu wanyama bila kuwafukuza kwa magari. Huko porini kulikuwa na kamera mia moja na themanini zimefungwa kwenye nguzo za chuma, usawa wa goti la mtu mzima. Kitu chochote chenye joto kikipita mbele yake, kamera inapiga picha. Kila mwezi vijana watafiti waliizungukia kila nguzo, wakachomoa memori kadi, wakazileta kituoni, na picha zote zikamiminwa kwenye mashine zilizopangwa katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Wafanyakazi walikiita chumba hicho friji, kwa sababu viyoyozi vyake havikuzimwa, na ukitaka kukaa humo zaidi ya dakika tano lazima uvae koti.

Umeme wa gridi ulikuwa haujafika upande ule. Paneli za sola zilikuwepo, lakini zilitosha taa, simu na kompyuta za ofisini tu. Friji lilikula dizeli. Mogesi alipoajiriwa, miaka mitatu nyuma, palikuwa na jenereta moja ya wastani iliyowashwa asubuhi na kuzimwa saa kumi. Sasa zilikuwa mbili kubwa zinazopokezana, moja ikipumzika nyingine inafanya kazi, na sauti haikukatika usiku wala mchana. Mashine zilizokuwa mbili kwenye rafu zilikuwa zimefika kumi na moja.

Yeye alizaliwa Nyarero, Tarime. Karibu miaka ishirini ya maisha yake ilipita Nyakunguru, akitengeneza makarasha ya wachimbaji wadogo, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Vumbi lilipoanza kumbana kifua, mkewe, Rhobi, alisema basi, tunahama. Wakahamia Mugumu. Kazi ya kituoni ilipopatikana Mogesi alifurahi mno. Aliwaambia ndugu zake kwamba sasa anafanya kazi safi, kazi ya kulinda wanyama, hakuna vumbi, hakuna zebaki, hakuna mto unaochafuliwa.

Alikwenda nyuma ya kibanda kulitazama shimo la oili chafu. Alilichimba mwenyewe, wakati ule wa jenereta moja, na hakuwahi kulifikiria tena. Mvua ya juzi ilikuwa imelijaza. Oili ilielea juu, ikapata upenyo upande wa bondeni, na mstari mweusi ulishuka katikati ya majani hadi usipoonekana tena. Hakuna aliyewahi kumwambia alijenge kwa saruji. Lakini naye hakuwahi kuuliza, na hilo ndilo lililomuuma.

Alishinda siku nzima akikomba tope jeusi na kulitia kwenye mapipa. Saa nane Daktari Nelson Waitara, mkuu wa kituo, alikuja kuona. Alikuwa mtu wa huku huku, mrefu, mpole wa kusema, na aliposimama juu ya lile shimo uso wake ulishuka. Aliagiza saruji siku hiyo hiyo. Aliagiza pia gari la kituo limpelekee Beatrice maji safi kila asubuhi mpaka kijito kitakapopona, na jioni alikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Ila kabla hajaondoka shimoni alitamka neno ambalo Mogesi hakulitegemea.

"Tulijenge kubwa kabisa, mzee. Mwezi wa saba tunaleta jenereta ya tatu."

"Ya tatu, daktari?"

"Picha zinaongezeka. Chumba hakitoshi, tutajenga kingine."

Mogesi alibaki ameshika koleo. Miaka mitatu alikuwa ameilisha ile mashine bila kujua kilicho upande wa pili wa waya.

Kesho yake, saa ya chai, aligonga mlango wa Samira. Samira alikuwa binti wa Swaleh, fundi cherehani mashuhuri wa Mugumu mjini. Alisomea kompyuta Mwanza, akarudi nyumbani, na kazi yake kituoni ilikuwa kutunza mashine za friji na kuzipanga picha.

"Shikamoo, mzee Mogesi."

"Marahaba, binti. Nimekuja na swali la kijinga."

"Uliza tu."

"Humo ndani mnaweka nini ambacho hakishibi?"

Samira alicheka, kisha akaona kwamba mzee hacheki. Alimvutia kiti, akafungua picha za kamera moja, za wiki moja tu, akamwonyesha kitufe cha kuzipitisha.

Picha ya kwanza ilikuwa nyasi, na nyuma yake mgunga. Ya pili nyasi. Ya tatu nyasi. Mogesi alibonyeza, akabonyeza tena. Nyasi zilizolalia kushoto. Nyasi zilizolalia kulia. Alidhani kompyuta imekwama.

"Haijakwama," alisema Samira. "Angalia saa pale chini. Kila moja ina saa yake."

"Hii nayo?"

"Nyasi."

"Na hii?"

"Nyasi, mzee. Jua likiwaka, nyasi zinapata joto. Upepo ukizitikisa, kamera inadhani ni mnyama. Siku ya upepo kamera moja inaweza kupiga picha elfu tano."

Baada ya robo saa alitokea fisi, kichwa tu, amegeuka kama mtu aliyeitwa jina. Mogesi alifurahi mpaka akapiga goti lake kofi. Halafu zikarudi nyasi.

"Na hizi zote mnazitunza?"

"Zote. Kila moja nakala tatu humu, na ya nne inakwenda kwenye mashine za wenzetu nje ya nchi. Mashine zinazunguka muda wote hata kama hakuna anayeitazama picha. Zikizunguka zinapata moto, ndiyo maana ya viyoyozi. Ukweli ni kwamba msimu wa joto viyoyozi vinakula umeme kuliko mashine zenyewe."

Mogesi aliachia kile kitufe.

"Nyakunguru," alisema, "mtu akileta lori la mawe, tunasaga, anaondoka na kipande kidogo kama punje ya mtama. Ninyi mnatunza lori zima. Tena mnalipulizia baridi."

"Nimelifikiria hilo mara nyingi," alisema Samira. "Ila mimi ni mdogo hapa. Nani atanisikiliza nikisema tufute?"

Jioni Mogesi alimsimulia Rhobi. Walikuwa wamekaa nje wanachambua maharage, na Rhobi hakuacha kuchambua hata alipoanza kukasirika.

"Kwa hiyo unataka kwenda kuwaambia wapunguze dizeli. Wewe. Ambaye kazi yako ni dizeli."

"Beatrice hana maji."

"Beatrice namwonea huruma, tunasali naye. Lakini jenereta ya tatu ikija, watakuongezea msaidizi, labda na mshahara. Zikizimwa, watakupa barua. Gloria bado ana mwaka mzima wa chuo."

"Najua."

"Sasa kama unajua?"

Mogesi alitoa jiwe dogo katika maharage, akalitupa mbali. "Nilipotoka Nyakunguru nilijisifu mbele za watu," alisema. "Sitaki kuwa mtu anayefanya jambo lile lile kwa jina zuri."

Rhobi aliendelea kuchambua. Hakumkataza, na kwa Rhobi hiyo ilikuwa na uzito wake.

Jumatatu kulikuwa na kikao cha wafanyakazi wote. Kwa kawaida Mogesi alikaa karibu na mlango, akatajiwa idadi ya lita za dizeli, akaitikia kwa kichwa. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Daktari, naomba kuuliza. Hiyo jenereta ya tatu ni ya wanyama au ya nyasi?"

Vijana walicheka. Daktari hakucheka. Alimwomba aeleze, na Mogesi akaeleza kwa maneno machache, akimtazama Samira kila alipokwama. Samira naye, alipoona mzee ameshatangulia, alipata moyo, akatoa hesabu yake: katika kila picha mia, tisini na moja hazina kitu.

"Takwimu haitupwi," alisema Daktari Waitara. Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayeogopa. Akawasimulia jambo ambalo wengi walikuwa hawajawahi kulisikia. Alipokuwa mwanafunzi alitembea misimu miwili akiandika nyendo za nyumbu katika madaftari. Nyumba aliyopanga ikaungua. Madaftari kumi na manne yakawa majivu, na miaka ile miwili hakuna mtu atakayeirudisha. "Tangu hapo," alisema, "nimeapa kwamba katika kituo changu hakuna kitakachopotea."

Mogesi alikuwa amemwelewa, na aliona aibu kidogo kwa lile swali lake la kejeli.

"Pole, daktari. Lakini madaftari yako yaliandikwa na mtu. Ulichagua nini cha kuandika. Hizi nyasi hakuna aliyezichagua."

Daktari alifungua kalenda yake. Kisha akasema anawapa wiki mbili, Samira na Mogesi, wamletee pendekezo. Wasifute hata picha moja kabla hajaliona.

Hivyo ndivyo fundi wa jenereta alivyoanza kukaa mbele ya kompyuta. Kila asubuhi, akishamaliza kukagua mashine zake, alinawa mikono kwa sabuni ya unga na kwenda kwa Samira. Samira alikuwa na programu inayoweza kuzitenga picha zisizo na mnyama. Mashaka yake yalikuwa kama inasema kweli. Basi walichukua picha elfu moja ambazo programu ilisema ni tupu, wakazipitia moja moja kwa macho.

Siku ya tatu, Samira akiwa amekwenda kuswali adhuhuri, Mogesi alibaki peke yake akibonyeza. Alisimama kwenye picha moja. Akarudi nyuma, akasogeza uso. Samira aliporudi alimkuta ameweka kidole kwenye kioo.

"Huyu ni nani?"

Samira alitazama. "Sioni kitu."

"Masikio. Pale, nyuma ya kichaka cha nyasi ndefu. Na hapa mgongo."

Samira alikuza picha, na kweli, alikuwa duma amelala chini kabisa, na pembeni yake kipande kingine cha manyoya kisichozidi kiganja. Mtoto wake. Kamera ile haikuwahi kurekodi duma hata mara moja tangu ifungwe.

"Umeonaje?" Samira aliuliza.

"Nimechunga ng'ombe tangu nina miaka sita. Ukiambiwa umepoteza ndama kwenye nyasi, unajifunza kuona masikio."

Wakajua basi kwamba programu peke yake haiaminiki. Wakaipunguza makali: kila picha ambayo ilikuwa na shaka hata kidogo, iwekwe kando itazamwe na mtu. Kazi ikaongezeka, lakini picha zilizobaki upande wa tupu zilikuwa tupu kweli.

Jambo la pili pia lilitoka kwa Mogesi, na lilikuwa rahisi mpaka Samira akaona haya kwamba hakuliwaza. "Kwa nini," aliuliza, "tunahangaika na nyasi zikiwa humu ndani? Hakuna anayezifyeka huko nje mbele ya kamera?"

Hakuna aliyekuwa anazifyeka. Vijana walikwenda, wakabadili kadi, wakaondoka. Kamera nyingi pia zilikuwa zimeelekezwa mashariki au magharibi, zikapigwa na jua usoni asubuhi au jioni. Waliomba ruhusa ya kujaribu kamera kumi. Mogesi alikwenda na Simioni, askari wa wanyamapori mwenye bunduki na maneno machache, wakafyeka mita chache mbele ya kila nguzo na kuzigeuza kamera zitazame kusini. Kadi zilipochomolewa baada ya siku tano, picha elfu ishirini za kawaida zilikuwa zimekuwa elfu mbili. Wanyama hawakupungua. Palikuwa na nyegere, palikuwa na familia ya ngiri inayokimbia mikia juu, na chui mmoja aliyesimama kana kwamba anakagua ufyekaji.

Pendekezo walilolipeleka kwa daktari lilikuwa ukurasa mmoja. Nyasi zifyekwe kabla ya kila msimu wa mvua na baada yake. Picha tupu zifutwe, za kituoni na za kwa wenzao nje ya nchi, isipokuwa moja kwa kila kamera kila siku, ile ya saa sita mchana. Hilo Mogesi ndiye aliyeling'ang'ania, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba akizitazama nyasi kwa mfululizo anaweza kusema mvua ilichelewa wapi na iliwahi wapi. Nakala nne ziwe mbili, moja kituoni, ya pili kwa wenzao wa nje. Picha za miaka ya nyuma ambazo hazifunguliwi zihamishiwe kwenye diski zinazochomolewa na kufungiwa kabatini, zikilala bila umeme. Na viyoyozi, vilivyowekwa nyuzi kumi na nane tangu siku ya kwanza bila mtu kujua sababu, vipandishwe hadi ishirini na sita, kwa sababu vitabu vya mashine zenyewe vilisema zinavumilia hata zaidi ya hapo.

Daktari aliusoma mara mbili. Aliuliza maswali mengi. Kisha akavua miwani.

"Tuanze," alisema. "Ila siku ya kufuta, mimi nitakuwepo."

Alikuwepo kweli. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa sita, baada ya Samira kurudi kutoka msikitini. Watatu walisimama ndani ya friji, ambalo siku hiyo halikuwa tena la kuvaa koti. Samira alisoma kwa sauti idadi ya picha zinazoondoka: zilikuwa zaidi ya milioni arobaini. Alimtazama daktari. Daktari alimtazama Mogesi. Kisha akaitikia kwa kichwa. Samira akabonyeza.

Mogesi alikuwa ametegemea sauti ya namna fulani. Haikuja. Mstari wa kijani ulitambaa taratibu kwenye kioo na ulichukua saa tatu kufika mwisho. Daktari alikaa muda wote huo kwenye kiti, mikono kati ya magoti, kama mtu anayesubiri habari hospitalini.

Mwezi wa saba jenereta ya tatu haikuja. Wa nane ile ya pili iliuzwa. Mashine nne kati ya kumi na moja zilizimwa kabisa, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya chumba kipya zilinunua paneli na betri. Wiki ya kwanza ambayo jenereta iliwashwa saa tatu tu kwa siku, Mogesi alishtuka mara kwa mara akidhani imezima kwa hitilafu. Alikimbia kibandani, akaikuta imetulia, ya baridi, hakuna tatizo. Alisikia njiwa. Alisikia Beatrice akiwaita ng'ombe wake kule bondeni, na akatambua kwamba kwa miaka mitatu hajawahi kuisikia sauti hiyo akiwa kazini.

Kijito hakikupona haraka. Tope jeusi lilikuwa limeingia kwenye mchanga, na kila mvua iliutoa utando kidogo. Beatrice aliendelea kupokea maji ya gari, akishukuru kwa ufupi. Mogesi alipomweleza kwamba dizeli imepungua sana, alisema, "Vizuri, Baba Gloria. Nitafurahi zaidi ndama wakikubali." Alikuwa na haki.

Na si kila kitu kilikwenda sawa. Mwezi wa tisa alifika mgeni kutoka chuo kikuu, mtafiti aliyeitwa Ikram, anayechunguza mioto ya pori. Alikuwa amesikia kwamba kituo kina picha za miaka mitano. Alitaka picha za jioni, za misimu ya kiangazi, aone moshi ulianzia upande gani na ulitembeaje. Hakuhitaji wanyama. Alihitaji hasa zile ambazo hazina kitu.

Samira alimfungulia zilizopo, picha moja kwa siku, saa sita mchana. Ikram alizipitia kwa saa nzima, akaandika mawili matatu, akashukuru.

"Za jioni hamna?"

"Tulikuwa nazo," alisema Samira.

Mgeni alipoondoka, Samira alikwenda kukaa kwenye benchi karibu na kibanda cha jenereta. Alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa pembe ya ushungi. Mogesi alikuwa anafungua chujio la oili. Aliliweka chini.

"Daktari alisema," Samira alianza. "Alisema takwimu haitupwi. Tumemfanyia moto wa pili."

Mogesi hakukimbilia kumtuliza. Alifikiri kwanza.

"Kule Nyakunguru," alisema, "marudio tuliyoyatupa, yale mavumbi yanayobaki baada ya kusaga, miaka ya baadaye walikuja watu wenye dawa kali wakatoa dhahabu humo humo. Dhahabu yetu. Tuliwaona tukauma vidole."

"Sasa hiyo inanifariji vipi?"

"Haikufariji. Nakuambia ilivyo. Lakini ungeniambia niyaweke yale marudio nyumbani kwangu miaka yote hiyo, watoto wangu wangelala wapi?"

Samira alivuta pumzi. Daktari alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, na bila shaka alikuwa amesikia, kwa sababu siku hizi pale kituoni kila mtu alimsikia mwenzake. Alikuja akaketi upande wa pili wa benchi.

"Nimeongea na Ikram," alisema. "Tangu leo tutatunza mbili. Saa sita na saa kumi na mbili jioni. Hizo nyingine zimekwenda, na mimi ndiye niliyeruhusu. Kosa letu lilikuwa kutowauliza watu wa fani nyingine kabla ya kufuta. Tutawauliza."

Akaongeza, akimtazama Mogesi, "Inauma bado. Sitakuficha."

"Na iendelee kuuma kidogo, daktari," alisema Mogesi. "Ndiyo itakayotufanya tuangalie vizuri."

Barua ambayo Rhobi aliiogopa ilikuja mwezi wa kumi. Haikuwa ya kumfukuza. Ilisema kazi ya kuangalia jenereta muda wote haipo tena, na badala yake anapewa kazi ya kutunza kamera zote mia moja na themanini: kuzifyekea, kuzigeuza, kuzisafisha lenzi. Posho ya zamu za usiku ilikufa, na hilo lilionekana nyumbani. Rhobi aliongeza vitenge kwenye meza yake ya sokoni ili Gloria amalize chuo, na hakuacha kulitaja. Lakini alilitaja pia jambo jingine, akiwaambia wanawake wenzake: mzee wake hakohoi tena, na akirudi nyumbani haongei tena kwa kupiga kelele.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, Samira alimkuta Mogesi nje ya stoo ananoa fyekeo. Simioni alikuwa kwenye gari anasubiri.

"Mzee, kuna habari. Wafadhili wameandika. Mwaka kesho wanataka kamera zote zipige video badala ya picha."

"Video ni nzito kuliko picha?"

"Kwa mbali sana. Dakika moja tu inazidi picha mia."

Mogesi alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa fyekeo. "Daktari amesemaje?"

"Aliitisha kikao jana, wewe ulikuwa porini. Swali la kwanza aliloliuliza ni video za nini, na nani atazitazama. Tulikaa mpaka saa tisa. Mwisho amewajibu kwamba tutaweka kumi na mbili tu, pale kwenye vivuko vya wanyama mtoni, na miezi miwili kwa mwaka. Kwingine kote picha zinatosha."

"Wamekubali?"

"Hawajajibu."

Mogesi alisimama, akafuta fyekeo kwa kitambaa.

"Hizo kumi na mbili ni nguzo zipi? Nitajie namba. Kule mtoni mvua ikigusa tu, ndani ya wiki nyasi zinafika kiunoni."

Samira alitoa karatasi mfukoni, akaanza kumsomea namba, na Mogesi akazirudia moja baada ya nyingine huku akielekea kwenye gari.